Panya Asiyeugua: Kusaka Virusi katika Mabanda ya Maabara



Tuseme gunia la pumba limenunuliwa Kariakoo, kwenye duka la vyakula vya mifugo jirani na soko. Stoo limelala usiku mmoja, na panya wa mjini wamelipitia na kulikojolea. Asubuhi linapakiwa kwenye bajaji, na kabla ya saa sita limeshafika kwenye banda la panya weupe wa utafiti. Mlangoni pana kitasa, daftari la wageni na dawa ya kunawa mikono. Gunia halisaini daftari.

Panya mdogo wa nyumbani, yule wa makabatini, ndiye mwenyeji wa asili wa kirusi kiitwacho LCM, ambacho watafiti Armstrong na Lillie walikieleza mwaka 1934. Mwaka uliofuata mtafiti Erich Traub alikikuta katika kundi la panya wa maabara huko Princeton, Marekani. Wengi wao walikuwa wakila, wakizaa na kukimbia kama kawaida. Aliyekipata tumboni mwa mama hukibeba maisha yake yote, kwa kawaida bila kuonekana mgonjwa, huku mkojo wake ukikimwaga kwenye maranda. Mtafiti anayemdunga chanjo panya huyo hupima mwili ambao tayari una mgeni, kisha hushangaa majibu yake yakipishana na ya wenzake. Na mhudumu anayefagia vizimba anaweza kupata homa ya uti wa mgongo.

Kwa hiyo macho hayatoshi. Tuna maswali mawili ya kumwuliza mnyama, na watu huyachanganya kila siku. Kipimo cha PCR huuliza: kirusi kipo sasa hivi? Kipimo cha kingamwili huuliza: kimewahi kupita? Tofauti hiyo imepimwa vizuri kwa kirusi kilichogunduliwa hapa hapa Tanzania. Morogoro, panya shamba walionaswa mwaka 2004 walikutwa na kirusi cha jamii moja na kile cha homa ya Lassa, na mwaka 2009 kikatangazwa kwa jina la mji huo. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa sababu yake, ndiyo maana kinafaa sana kujifunzia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, panya shamba waliambukizwa kirusi hicho kwa makusudi, wakafuatiliwa. Kwa wakubwa, baada ya siku 18 vinasaba vya kirusi havikuonekana tena kwenye damu, na baada ya siku 39 havikuonekana kwenye vinyesi na majimaji ya mwili. Kingamwili zilionekana kuanzia siku ya 7 na hazikuondoka. Walioambukizwa wangali vichanga walikaa na kirusi pamoja na kingamwili kwenye damu kwa miezi 3 au zaidi.

Someni tena tarakimu hizo. PCR ya damu ya siku ya 25 ingesema panya ni safi, ilhali mkojo wake bado unaweza kueneza. Kipimo cha kingamwili cha siku ya 4 kisingesema lolote.

Maabara nyingi duniani hutumia panya walinzi: wanyama safi wanaowekewa maranda machafu ya vizimba vya wenzao, kisha wao ndio wanaopimwa. Ni njia rahisi, nami naipenda. Hunasa vizuri kirusi cha homa ya ini ya panya, ambacho ni cha jamii ya korona na husafiri kwa kinyesi. Kwa kirusi cha Sendai, kinachopita kwa hewa na kugusana, maranda ni shahidi dhaifu. Anayemtegemea mlinzi peke yake amemweka getini mzee anayesikia upande mmoja.

Njia ya kuingilia nayo si gunia tu. Mwaka 1999 ndui ya panya iliingia katika maabara ya chuo cha tiba cha Cornell, New York, kwa chupa ya seramu ya panya iliyotoka China. Chupa nayo haisaini daftari.

Hapa kwetu naona tunakimbilia mashine kabla ya mambo ya bei nafuu: pumba zipitishwe kwenye mvuke wa joto kali, stoo izibwe matundu, na tone la damu likaushwe kwenye karatasi ya chujio, maana kingamwili husubiri humo bila friji hadi vifaa vya kupimia vipatikane. Karantini ya wiki mbili nimeikuta imeandikwa kwenye miongozo mingi kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kwa panya shamba haitoshi. Siku 39 ni zaidi ya wiki tano na nusu. Hata sita hazimfichui aliyeambukizwa kichanga. Huyo lazima apimwe damu kwa njia zote mbili, na mama yake pia, kabla kizimba chao hakijasogezwa karibu na vingine.