Mkono wa mwenye nacho na mkono wa asiye nacho

Msikilizaji, wahenga wa Kiswahili hawakuafikiana juu ya fedha. Mmoja alisema akiba haiozi. Mwingine akajibu: ponda mali, kufa kwaja. Wa tatu, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akanena kwamba maskini akipata, matako hulia mbwata. Katika methali hizo tatu umo ugomvi ambao leo husikika kwenye simu kati ya Muscat na Tanga, kati ya London na Mombasa, kati ya Minneapolis na Bukavu. Aliyetuma fedha anauliza zimekwenda wapi. Aliyepokea anashangaa kuulizwa.

Aliye ng'ambo humwona wa nyumbani kuwa mbadhirifu. Wa nyumbani humwona aliye ng'ambo kuwa bahili. Kila mmoja anaamini kwamba amegundua tabia ya mwenzake. Lakini huenda wote wawili wanakiita tabia kitu ambacho si tabia, bali ni namna fedha inavyomfikia mtu: kwa wingi au kwa matone, kwa tarehe inayojulikana au kwa bahati.

Fika jioni kwenye duka la mtaani Manzese, jijini Dar es Salaam, au Kibera, jijini Nairobi. Mama anaagiza mafuta ya kupikia ya kupima, robo kilo ya unga, kipande cha sabuni iliyokatwa kwa kisu na majani ya chai ya kutosha birika moja. Wakenya wana jina la ununuzi wa namna hiyo: kadogo. Anayepita na gari hutikisa kichwa, kwa sababu anajua kuwa vipimo vile vidogo, ukivijumlisha hadi vikafika ujazo wa chupa, vinagharimu zaidi ya chupa yenyewe.

Mama yule naye anajua. Hesabu hiyo anaifanya kila siku na haimpi shida. Analolikosa ni fedha ya chupa nzima kwa wakati mmoja.

Maji nayo yana kisa hicho hicho. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda katika miji kama Jakarta, Manila na Nairobi walilipia kila lita ya maji mara 5 hadi 10 zaidi ya matajiri wa miji hiyo hiyo. Tajiri ana bomba ndani ya nyumba. Maskini ana dumu na foleni. Kwa hiyo umaskini wenyewe ni ghali, na anayeishi ndani yake hulipa bei ya juu kwa vitu ambavyo mwenye nacho huvipata kwa nafuu.

Mtu anaweza kuuliza: mbona basi asijinyime wiki mbili, akanunua kwa jumla? Haba na haba si hujaza kibaba? Hujaza, iwapo kibaba kina mfuniko. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye majirani ukutani na ndugu mlangoni, fedha iliyolala ina wenyewe wengi. Kumnyima jirani mafuta huku chupa imejaa ni fedheha. Kumwambia huna, na kweli huna, si kosa. Kutumia mapema ni njia mojawapo ya kuilinda fedha isichukuliwe na shida ya mwingine.

Hayo yamewahi kupimwa. Mwaka 2013 wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu waliokuwa tayari katika vyama vya kuchangishana, vile ambavyo Tanzania huitwa upatu. Baadhi yao walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli. Hawakupewa fedha. Hata hivyo, waliopata kisanduku waliweza kutenga zaidi kwa ajili ya mahitaji ya afya. Mwenye kisanduku alikuwa amepata mahali pa kuiweka fedha, na pamoja na hapo amepata neno la kumjibu mwombaji: hii imekwisha kupangiwa kazi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka huo huo wa 2013, ulitoka India, katika jimbo la Tamil Nadu. Watafiti, wakiwemo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, waliwapima wakulima wa miwa mara mbili: kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, na baada ya mavuno, wakiwa wamekwisha kulipwa. Mkulima yule yule alifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri baada ya kulipwa kuliko alivyofanya kabla. Akili yake haikuwa imeongezeka kwa miezi michache. Kilichopungua ni mzigo ulioikalia: deni la nani lianze, karo itoke wapi, chakula kitafika Ijumaa au hakitafika. Mwenye nacho huamua mambo ya fedha akiwa ametulia, kisha akajisifu kwa busara. Asiye nacho huamua akiwa amebanwa, kisha akalaumiwa kwa pupa.

Lakini ushahidi ulio karibu zaidi na wasikilizaji walio mbali na kwao unatoka Rarieda, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya. Huko, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha taslimu bila masharti kupitia simu za mkononi. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2016. Wengi walikuwa wamebashiri ulevi. Watafiti hawakuona ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Kaya zilinunua chakula na mifugo, na nyingi zikaezua nyasi na kuezeka mabati. Paa la nyasi hudai kurekebishwa kila mara, na mabati hukaa miaka. Tangu zamani maskini alijua kuwa bati ni nafuu kuliko nyasi. Hakuwahi tu kuwa na fedha ya bati kwa siku moja.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Baadhi ya kaya zilipokea fedha kwa mkupuo, na nyingine zikapokea kidogo kidogo kila mwezi. Waliopokea kila mwezi walielekea zaidi kuimarisha chakula cha nyumbani. Waliopokea kwa mkupuo walielekea zaidi kununua vitu vya kudumu. Watu walikuwa wa eneo moja, wenye hali moja, na aliyepata mkupuo hakuchaguliwa kwa hekima yake bali kwa bahati nasibu. Fedha iliyokuja kwa matone ililiwa, na iliyokuja kwa pamoja ilijenga.

Yapo hata hivyo matumizi ambayo hayaelezwi kwa chakula wala kwa bati: arusi, msiba, nguo ya Idi, simu ya bei mbaya. Hapa mwenye nacho hucheka zaidi, na pengine ndipo anapokosea zaidi. Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith, katika kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, aliandika kwamba katika Ulaya ya wakati wake kibarua mwenye kujiheshimu angeona haya kuonekana hadharani bila shati la kitani. Shati lile halikuwa la lazima kwa mwili. Lilikuwa la lazima kwa uso.

Watu wa Unguja walilielewa hilo bila kumsoma Smith. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipofutwa kisheria visiwani, wengi waliokuwa watumwa waliziacha merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha kuwa mali ya watu. Wanawake wakanunua kanga, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Bwana wa zamani angeweza kuiona doti mpya ya kanga kuwa ufujaji wa ujira mdogo. Aliyeivaa alikuwa ananunua haki ya kupita barabarani bila kuulizwa yeye ni wa nani.

Mwenye mali hana haja ya kununua haki hiyo. Warren Buffett, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani, aliinunua nyumba yake mjini Omaha mwaka 1958 kwa dola 31,500, akaendelea kuishi humo kwa miongo mingi, na dunia ikamsifu kwa kiasi. Mlinzi wa usiku anayekaa miaka 60 katika chumba kile kile hasifiwi na mtu. Unyenyekevu wa matumizi huonekana kuwa fadhila pale tu kila mtu anapojua kwamba mhusika angeweza kufanya vinginevyo.

Hapo ndipo aliye ng'ambo anapojikuta katikati. Chukulia mfano wa kijana anayefanya zamu mbili za usafi mjini London, au dada anayefanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Kila sarafu anaibadilisha kichwani kuwa shilingi kabla ya kuitoa, na chai ya dukani humuuma. Nyumbani wao hubadilisha kwa njia ya pili: shilingi zao huwa pauni au riali, na kila kilichotumwa huonekana kuwa kidogo. Siku ya kurudi likizo, bahili huyu huyu hukopa ili mabegi yajae zawadi. Hawezi kushuka uwanja wa ndege mikono mitupu. Mabegi yale ndiyo shati lake la kitani.

Naye pia hununua kwa kupima. Akituma kidogo leo kwa ajili ya dawa, kidogo keshokutwa kwa ajili ya umeme, na kidogo Jumamosi kwa ajili ya mchango wa msiba, kila safari ada ya kutuma humega fungu lake, na ada hiyo humega zaidi kiasi kinapokuwa kidogo. Anayemkaripia mama kwa kununua mafuta ya kupima anaweza kuwa anamtumia mama huyo fedha za kupima.

Msikilizaji, si kwamba ubadhirifu haupo. Upo kwa matajiri na upo kwa maskini, na kila ukoo unamjua wake. Lakini kabla ya kumhukumu mtu kwa jinsi mkono wake unavyofunguka, ni haki kutazama kilichoingia mkononi humo, kimeingia lini, na macho mangapi yalikuwa yakikitazama. Huenda simu ya mwisho wa mwezi ingeanza vizuri zaidi kama aliye mbali asingeuliza, "Zile mmezifanyia nini?" bali angeuliza, "Mama, safari hii nikutumie kidogo kidogo, au nikusanye tuezeke?"