Mdadisi Akija, Mwambie na Deni

Ndugu wanakisomo,

Mwenye ng'ombe watano na mwenye wawili, nani tajiri? Msijibu haraka! Huenda yule wa watano anadaiwa wanne. Mali ya kaya ni ile inayobaki ukiondoa deni.

Mwaka 2017/18 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipima hali ya kaya Tanzania Bara. Kaya zaidi ya 9,000 ziliulizwa zinakula nini na zinatumia fedha kiasi gani. Vijijini, watu 31 katika kila 100 hawakumudu mahitaji ya msingi. Mijini walikuwa karibu 16. Pengo hilo huonekana tu watu wakisema kweli.

Lakini wako wenzetu wanaoficha mbuzi kwa kuogopa kodi, na deni kwa kuona haya. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa siri ya kaya yako. Wengi wakificha deni, kijiji chenye njaa kitaonekana kimeshiba.

Nanyi sasa mnajua kuandika. Wekeni daftari: ulichouza, ulichonunua, unachodaiwa. Mdadisi akipiga hodi, mkaribishe, fungua daftari, msomee.