ELIMU ILIYO KARATASINI NA ELIMU ILIYO KIFUANI



Imesimuliwa ya kwamba Imam al-Ghazali (1058–1111), katika ujana wake, alikuwa akirejea kwao Tus kutoka Jurjan alikokwenda kutafuta elimu. Njiani wanyang'anyi waliwavamia wasafiri wakachukua kila kitu. Yeye akawafuata, akiomba arudishiwe mfuko mmoja tu wenye karatasi za masomo yake. Mkubwa wao akacheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa karatasi hubaki hana kitu. Karatasi akarudishiwa, lakini neno lile lilimwingia moyoni. Akakaa miaka 3 akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika.

Swali la mnyang'anyi yule lawaelekea vijana wa leo. Mwalimu amalizapo kuandika ubaoni, mwanafunzi huinua simu, akapiga picha, kisha akaitia mfukoni. Picha ni safi kuliko mwandiko wowote. Lakini mwalimu ndiye aliyeandika, na simu ndiyo iliyoweka, naye mwenye simu amepita kati yao kama mgeni. Siku simu itakapoangukia majini, na elimu imezama.

Hayo si maneno ya kuikataa simu. Mwaka 2014, huko Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitangaza majaribio yao: wanafunzi walioandika kwa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, tena neno kwa neno, lakini katika maswali ya kufahamu maana wenzao wa kalamu waliwashinda. Majaribio yaliyorudiwa mwaka 2019 na 2021 hayakuonyesha ushindi ulio wazi namna hiyo. Basi haifai kuisifu kalamu kwa kuwa ni kalamu tu. Jambo la kuogopwa ni kunakili pasipo kufikiri, na hilo hufanyika kwa chombo chochote.

Njia moja ya kumlazimisha mtu afikiri ni kuchora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2016 ya kuwa waliochora picha ya neno walilikumbuka kuliko walioliandika, hata walipopewa sekunde 4 tu. Wala uzuri wa mchoro haukuwa sharti. Kabla yao, mwaka 1972, Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walibuni ramani ya fikra: kila jambo hutiwa katika kisanduku chake, visanduku vikaunganishwa kwa mistari, na juu ya kila mstari likaandikwa neno la kueleza uhusiano. Mwenye kujifunza habari za mvua ataandika bahari, mvuke, wingu. Akifika kwenye mstari asijue la kuandika, hapo ndipo amegundua mahali asipofahamu, na kugundua huko ni nusu ya kujua.

Kwa hiyo yafaa mwanafunzi, jioni, kabla hajafungua picha ya ubao, achore somo kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Ndipo aifungue picha, asahihishe kwa wino wa rangi nyingine, kisha aupige picha mchoro wake na kuuweka pamoja na tarehe. Baada ya juma moja achore tena, alinganishe. Hapo simu haitakuwa tena mchukuzi wa kumbebea elimu, bali kioo cha kumwonyesha alivyokuwa na alivyo. Mzazi naye asiulize, "Umeandika?" Aseme, "Nieleze mchoro wako."

Wazee waliosoma chuoni wanaukumbuka ubao wa mti. Mtoto aliandikiwa, akasoma, akahifadhi, ndipo wino ukaoshwa. Maji yalichukua wino tu. Elimu ilikwisha hamia kifuani.