Krimu au Kijani? Kuchagua Rangi ya Sebule

Baada ya mavuno ya mpunga ndipo wengi katika bonde la Kilombero hupata fedha za kumalizia nyumba, na ndipo fundi huuliza: tupige rangi gani? Leo tunalinganisha mbili zinazopingana, krimu na kijani kilichokoza, katika sebule ya kawaida ya Ifakara: matofali ya kuchoma, lipu, dirisha moja dogo, bati juu.

Krimu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, kijani huumeza. Penye dirisha moja, maana yake ni kuwasha taa mapema kila jioni. Tena mbu hupenda kutua penye giza, na kwenye ukuta mweupe utamwona (chandarua kibaki palepale). Kasoro ya krimu ni kwamba haifichi tope wala vidole vya watoto.

Kijani huficha hayo yote, pamoja na yale usiyopaswa kufichwa: unyevu unaopanda kutoka ardhini wakati wa masika. Na siku utakapokichoka, kukifunika kwa krimu huenda kukahitaji kupiga mara tatu au zaidi. Sisi tungepiga krimu ukuta wote, na kijani cha mafuta chini tu, usawa wa kiuno, iwapo ukuta ni mkavu kabisa. Rangi ya mafuta juu ya unyevu hubanduka.

Hapo kwenye kubanduka ndipo penye jambo zito. Baadhi ya rangi za mafuta zimekuwa zikitiwa madini ya risasi, hasa za manjano, nyekundu na chungwa. Kijani nacho kimo, kwa kuwa kijani cha aina moja hutengenezwa kwa kuchanganya manjano yenye risasi na buluu. Mtoto huokota magamba akayala. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake katika ubongo wa mtoto hayafutiki. Kwa hiyo dai kopo lenye lakiri, alama ya TBS na maelezo kuwa halina risasi. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Kabla ya kununua ndoo ya lita 20, nunua kopo dogo la kila rangi. Paka kipande kwenye kuta mbili, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku chini ya taa. Risiti na kopo lenye namba ya toleo vihifadhi mpaka masika yapite.