Maonyesho ya Dunia na Karakana za Iyunga

Maonyesho ya dunia yaliyofanyika Osaka, Japani, tangu tarehe 13 Aprili hadi 13 Oktoba 2025, ambayo Tanzania nayo ilishiriki, yalirithi desturi iliyoasisiwa London mwaka 1851, ya kuyakusanya mataifa mahali pamoja ili kila moja lidhihirishe maarifa ya wana wake. Taifa lipelekalo huko kahawa, madini na picha za wanyama pekee, ijapokuwa hizo ni neema za Mwenyezi Mungu, huonyesha lilichojaliwa, wala halionyeshi lilichobuni.

Nasi twao wabunifu: jirani nasi hapa Iyunga, jijini Mbeya, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Na kila Agosti viwanja vya John Mwakangale, jijini humu, hupokea maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ambako mashine na kazi nyingine za vijana mafundi hutazamwa na kusifiwa. Lakini sifa pekee haziundi mashine ya pili.

Basi twawasihi wenye mamlaka na matajiri wa Nyanda za Juu Kusini wazigharimie kazi hizo hadi zifike viwandani na mashambani, kwani heshima ya taifa mbele ya ulimwengu huanzia katika karakana za nyumbani.