SHAMBA LA KWANZA LILIKUWA KABURI



Katika Mwanzo sura ya 23 tunasoma habari ya ajabu. Ibrahimu alikuwa ameahidiwa nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa mahali pa kumzika mkewe Sara. Alikinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi.

Kanisa letu la pwani lilianza vivyo hivyo. Daktari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosina alifariki kwa homa, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Shule haikuwapo, wala jengo la ibada. Kaburi lilitangulia. Agosti 1846 Krapf na mwenzake Rebmann, wote wakiwa na homa, walipanda vilima vya Rabai kuanza kazi. Mringe, aliyekuwa wa kwanza kubatizwa, alikuwa kilema, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa, mwaka 1851.

Baadaye watu waliotoroka utumwa walikimbilia Rabai, wakalima na kujenga. Aliyewachunga, William Jones, naye aliokolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Bara Hindi. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za pwani walipewa hati za uhuru, baada ya fidia kulipwa.

Fikirini, ndugu zetu. Mtu aliyetekwa huko Nyasa hakuwa na mjomba wala shangazi huku pwani. Akifa, nani atamlilia? Nani atakesha matangani? Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wake. Watu wa makabila mbalimbali walilazwa katika udongo mmoja, wakawa jamaa moja.

Na sisi leo? Tunapalilia kaburi la mzee maarufu, lenye msalaba wa saruji. Kwenye kilima kidogo kisicho na jina tunapita, na mbuzi wanapita. Wengine wanautazama uwanja ule na kuhesabu bei yake. Tutawaambia nini wale waliolala humo, siku ya ufufuo tutakaposimama pamoja nao?

Basi kabla ya Pasaka, chukueni majembe na mapanga, mfyeke makaburi yote. Waulizeni wazee majina wanayoyakumbuka, yaandikwe katika kitabu cha kanisa. Hakikisheni hati ya kiwanja ipo na mashahidi wanajulikana, kama alivyofanya Ibrahimu. Na akifa mgeni katika mtaa wenu, kibarua asiye na mtu, msiulize ni wa nani. Ni wetu.

Tuombe. Ee Mungu wa Ibrahimu, utufanye jamaa wa wasio na jamaa, walio hai na waliolala, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.