Mahindi Yanapogeuka Manjano

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wengi wiki ya nne au ya tano baada ya kupanda: mahindi yanadumaa na majani yanageuka manjano. Ya jirani yamefika kiunoni, ya kwako hata magotini bado.

Mtu akiona manjano, mara nyingi hukimbilia dukani. Ananunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, pengine kwa kuuza mbuzi. Sasa, kama njaa ya mbolea ndiyo iliyoleta manjano, mbuzi hakwenda bure. Lakini kama chanzo ni maji yaliyotuama, au kiduha, au ugonjwa, basi mbuzi amekwenda, na mahindi nayo yatakwenda vilevile. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, tulisome jani kwanza.

Ingia shambani asubuhi, usiishie ukingoni. Tazama mimea kumi hivi, hapa na pale. Jiulize: manjano yameanzia wapi, majani ya chini yaliyozeeka au majani machanga ya juu? Swali hilo moja linatenganisha mambo mengi.

Mahindi yakikosa naitrojeni, yaani kile chakula cha kukuzia, majani ya chini ndiyo huanza. Mmea unakinyang'anya chakula hicho jani kuukuu na kulipelekea jani changa. Manjano huanzia kwenye ncha, yakarudi nyuma kwa kufuata uti wa kati wa jani, yakachora umbo kama la kabari. Ukiona kabari hiyo, njaa ni ya naitrojeni. Lakini manjano yakishika kingo za jani la chini, kingo zikakauka kama zilizounguzwa na moto huku katikati pakibaki kijani, hapo kilichopungua ni potasi, na kuongeza Urea peke yake hakutaiziba. Majani yakiwa na rangi ya zambarau wakati mche bado mdogo, mara nyingi ni fosforasi, ile ya mbolea ya kupandia. Ingawa baridi nayo huleta rangi hiyo, kisha joto likirudi hutoweka.

Na kama majani machanga ndiyo yaliyopauka, huenda ni salfa au zinki. Ya zinki ina alama yake: mistari mipana myeupe au ya manjano, pande mbili za uti wa jani, karibu na shina.

Haya, tuseme umeona ile kabari ya naitrojeni. Usisubiri. Palilia kwanza, maana kutia mbolea kwenye majani ni kulisha majani. Kisha weka mbolea ya kukuzia udongo ukiwa na unyevu, kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, umbali wa kiganja kimoja kutoka shinani, ufukie. Urea ikiachwa juu ya ardhi, sehemu yake hugeuka hewa ikapotea. Ni fedha yako hiyo inayopaa. Tena tazama kilichoandikwa mfukoni. Urea ya kilo 50 ina kilo 23 za naitrojeni. Salfeti ya amonia ya kilo 50 ina kilo kumi na nusu tu, ila ina salfa pia. Basi usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko.

Sasa tuje kwenye yale ambayo mbolea haiyatibu. Ng'oa mche mmoja pamoja na mizizi yake. Mizizi ikiwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya kuoza, mmea unazama. Chimba mifereji, maji yatoke, mbolea ingoje.

Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wanakijua kiduha, yule mwizi mwenye maua mazuri ya zambarau. Hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya chini ya udongo wiki kadhaa kabla hajachomoza. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Mng'oeni kabla ya maua, hata kama mahindi ya mwaka huu yameshaharibika. Msimu unaofuata pandeni kunde, karanga au soya, au wekeni desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huzifanya mbegu za kiduha ziote mahali pasipo pa kushika, zikafa.

Kisha kuna magonjwa. Jani likiwa na vistari vyembamba vya manjano vilivyokatikakatika, vimefuata urefu wa jani, huo ni ugonjwa wa milia, unaoletwa na vijidudu warukao kutoka kwenye nyasi. Na kama jani limejaa madoadoa ya manjano, likakauka kuanzia kingoni, na moyo wa mmea ukafa, shuku ule ugonjwa wa virusi vya mahindi ulioonekana Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2012. Hauna dawa. Ng'oa mimea iliyougua, usihifadhi mbegu kutoka shamba hilo, na msimu ujao usipande mahindi hapo. Panda maharage au viazi.

Ukishindwa kutambua, ng'oa mche mzima na mizizi yake, uufunge kwenye gazeti lenye unyevu, umpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba siku hiyo hiyo. Usimpelekee jani moja lililonyauka mfukoni. Na umwambie ulipanda lini, uliweka mbolea gani, na mvua ilinyesha mara ngapi.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kukausha na kupukuchua. Kwaherini.